Jibu: Matairi ya mtumba kwa siku ya mbio

Ndugu, umeuliza kama ununue, kwa siku ya mbio uwanjani, zile semi-sliki (matairi ya mbio yenye uso karibu bapa) za mtumba ulizoonyeshwa hapo Nakuru, na gari ni lile lile la kukupeleka kazini Molo. Tafadhali usinunue. Umesema namba ya DOT ubavuni mwa tairi inaishia 2317: yaani lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2017. Meno yapo, lakini mpira umekauka. Bonyeza kwa ukucha, utaona haubonyei. Halafu semi-sliki ina mifereji michache ya kutoa maji, nawe unashuka mteremko wa Salgaa mvua ikinyesha!

Chukua mapya ya barabarani, tredweya (namba ya kiwango cha mpira kudumu) 200 hadi 300. Namba ikiwa ndogo, mpira ni laini, unashika vizuri ila unaisha mapema.

Kinachosahaulika sana ni upepo. Paka chaki kwenye bega la tairi (pale uso unapokutana na ubavu), zunguka uwanja mara tatu, toka uangalie. Ikifutika hadi ubavuni, tairi linalala kwenye kona, ongeza upepo. Ikibaki nzima begani, punguza kidogo. Kabla ya kurudi nyumbani, matairi yakishapoa, jaza upepo kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa gari. Mimi niliwahi kusahau, nikafika Njoro bega la kushoto limelika vibaya.