Taja namba kabla ya saa nne na nusu

Wadogo zetu mnaoanza hausikipingi, yaani usafi wa vyumba vya hoteli, na ninyi wa mapokezi msimu huu, karibuni. Hata wiki mbili hazijaisha, na tayari mwenzenu mmoja amelia stoo ya shuka, nyuma ya rafu ya taulo. Msimu uliopita alilia mwingine, pale pale, kwa sababu ile ile. Wote wawili ni wachapakazi. Walipewa vyumba visivyoingia kwenye shifti, wakaitikia "sawa". Tunawaandikia kwa sababu tumechoka kuliona hili, na kwa sababu tunawapenda.

1. Piga hesabu kabla hujasukuma toroli. Shifti ya saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, ukitoa saa ya chakula, ina saa 8. Nusu saa inaliwa na brifingi na kupanga toroli, nusu nyingine na kuhesabu shuka chafu na kurudisha funguo. Zinabaki dakika 420. Cheki-auti, yaani chumba cha mgeni aliyeondoka, ikifanywa ipasavyo ni dakika 40. Chumba cha mgeni anayeendelea kukaa ni 20. Vyumba 14, nusu kwa nusu, vinaenea sawasawa. Sasa tazama karatasi ya siku hoteli imejaa: vyumba 16, kumi ni cheki-auti. Hizo ni dakika 520. Zile 100 za ziada hazipo, na ukinyamaza zitatoka mwilini mwako: 60 kwenye chakula, 40 baada ya shifti bila malipo.

2. Usimeze. Hili tulichambue polepole, maana ndilo linalowaumiza kuliko yote.

Mfanyakazi mpya hunyamaza akiogopa kuonekana hawezi. Saa nne na nusu alitakiwa awe na vyumba vitano au sita, ana vitatu. Anajipa moyo kwamba atafidia mbele ya safari. Chakula anakiruka. Kufika saa saba mikono inatetemeka, kwa kuwa tangu chai ya saa kumi na moja alfajiri hajatia kitu mdomoni. Ndipo anaanza kuruka hatua. Glasi anazisuuza kwenye sinki la bafuni na kuzifuta kwa taulo ya mgeni aliyeondoka. Uvunguni hachungulii. Shuka ya chini haikunjwi kona, inachomekwa tu, hivyo mgeni akijigeuza usiku inachomoka. Chooni amemwaga dawa yenye asidi. Kabla hajaisuuza anaongeza jiki ili king'ae upesi. Jiki na asidi vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Bafu halina dirisha, macho yanawasha, kifua kinabana, kikohozi hakikatiki. Ikikutokea, toka hapo hapo upate hewa, mwite supavaiza, na usirudi kuvuta maji. Soma lebo, tumia dawa moja, suuza, ndipo ufikirie nyingine.

Saa nane kasoro anapiga simu: "204 tayari." Mapokezi wanakabidhi ufunguo kwa familia iliyokuwa njiani tangu alfajiri. Baba anakuta unywele mrefu mweusi umelala juu ya sinki jeupe. Anashuka kaunta kumfokea dada wa mapokezi, ambaye siku hiyo hata ghorofa ya pili hajaikanyaga. Dada anampigia supavaiza, supavaiza anamfokea kijana, kijana anarudi 204 kurekebisha kwa dakika 25 asizokuwa nazo, huku 207 haijaguswa. Usiku watu watatu wanajigaragaza kitandani bila usingizi. Saa nne na nusu supavaiza angeweza kuhamishia vyumba viwili ghorofa yenye nafuu. Saa nane kila ghorofa imeelemewa, hana wa kumpa.

Namna ya kusema nayo ina uzito. "Nimechoka" haimpi supavaiza pa kushika, yeye mwenyewe yuko hoi. Sema hivi: "Nina 16, kumi cheki-auti, nimemaliza vitatu. 212 na 214 sitavifikia kabla ya saa nane. Nianze na kipi?" Hapo ana jambo la kuamua, na mzigo haujabaki kichwani mwako peke yako.

3. Rosta isomwe siku inapobandikwa. Kufunga saa tano usiku na kufungua saa kumi na mbili asubuhi ni mapumziko ya saa 7, ukitoa daladala na kuoga unalala nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya 2004, inataka angalau saa 12 kati ya siku ya kazi na nyingine. Ninyi wa shifti ya kukatwa, mnaotoka asubuhi na kurudi jioni, mnaweza kushushiwa hadi 8, ila kwa makubaliano ya maandishi na pawe na pengo la saa 3 au zaidi katikati ya kazi. Ovataimu haitakiwi kuzidi saa 50 katika wiki nne, na malipo yake ni mara moja na nusu.

4. Wa mapokezi: mgeni akifoka, andika malalamiko yake mbele ya macho yake pamoja na saa, kisha mwachie mwenzako kaunta kwa dakika tano unywe maji kabla hujamhudumia mwingine.

5. Toroli izibe mlango na mlango ubaki wazi muda wote uliomo chumbani. Mgeni akirudi na moyo wako ukasita, toka, ripoti, chumba kingoje. Hili halina mjadala, hata kama umebakiwa na kioo tu kukifuta.

6. Tipu na sevisi chaji za Agosti hazipatikani Aprili, wakati wa masika. Usikope kwa kipimo cha Agosti.

7. Weka daftari la mfukoni. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, idadi ya vyumba, cheki-auti ngapi, umekula au hukula. Mistari sita tu kila jioni kabla ya kuvua sare. Baada ya wiki mbili mpelekee supavaiza, na asiposikia, nenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Daftari lenye tarehe ni gumu kulikataa, na wewe utaona ni siku zipi hasa zinakumaliza.