Ukiwa zamu na mto unafurika: kwa watangazaji wapya wa redio za mtaa Nairobi

Wengi wanaokuja kujifunza kazi studioni hufika na sauti nzuri na orodha ndefu ya nyimbo. Hakuna ubaya. Lakini mimi siwaulizi kwanza watacheza nini. Nawauliza: mvua ikinyesha usiku kucha, mto Mathare ukivunja kingo saa nane za usiku, nani ataingia hewani, ataipata habari kwa nani, na sentensi yake ya kwanza itakuwa ipi? Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba serikali itatangaza. Serikali itatoa taarifa, sawa. Atakayeitangaza kwenye stesheni yako ni wewe.

Ukitafuta mafunzo ya jambo hili kwenye intaneti, utakutana kwanza na ya Wamarekani, kwa hiyo ni vizuri ujue wao wanafanyaje. Kule wana mfumo wa tahadhari za dharura unaoitwa EAS, ulioanza kazi mwaka 1997 badala ya ule wa enzi za vita baridi. Kila stesheni ina mtambo maalumu unaosikiliza angalau vyanzo viwili, usiku na mchana. Tahadhari ikitolewa, mtambo unapokea ishara za kidijitali, ile milio ya kukwaruza inayorudiwa mara tatu, zinazoeleza ni janga gani, liko wapi na tahadhari ni ya muda gani. Baada ya hapo unafuata mlio wa kuwashtua watu, kisha ujumbe wa sauti ambao kwa kawaida hauzidi dakika mbili, na mwishoni ishara ya kufunga. Mtambo unaweza kukata wimbo katikati bila kumwomba mtu ruhusa. Ujumbe wa Rais ni lazima urushwe. Tahadhari za jimbo na za mtaa ni hiari ya stesheni, ingawa nyingi huzirusha. Na kila wiki hufanya jaribio.

Kwenye rafu ya studio yako huo mtambo haupo. Tuna Idara ya Hali ya Anga pale Dagoretti Corner, tuna Kituo cha Kitaifa cha Operesheni za Majanga, Msalaba Mwekundu, zimamoto wa kaunti, polisi na chifu. Taarifa zao zinakufikia kwa barua pepe, kwa kundi la WhatsApp, kwa simu, au kwa kijana aliyekuja mbio mpaka mlangoni akiwa amelowa. Kusikiliza, kuthibitisha, kukata kipindi, kutaja mahali, kurudia na kufunga, yote yale ambayo mtambo wa Marekani unayafanya, hapa unayafanya wewe. Mengine hayana maneno mengi. Mawili matatu ndiyo yanayookoa au kuua watu, na hayo nitayakalia.

Anza na usiku. Redio nyingi za mtaa usiku zinaachiwa kompyuta icheze nyimbo mpaka asubuhi, na mito ya Nairobi ina tabia ya kuingia nyumbani watu wakiwa wamelala, kama ilivyokuwa Aprili 2024. Ulizia siku yako ya kwanza kabisa: nani ana ufunguo, nani anakaa karibu na studio kiasi cha kufika kwa miguu, na askari wa mlangoni ana namba ya nani. Ndiyo, askari. Kijana aliyelowa atamkuta yeye kabla ya kukukuta wewe, na kama amezoea kusema "ofisi imefungwa", basi mnyororo wenu wote umekatikia getini.

Namba ziandikwe kwenye daftari linalokaa studioni, si kwenye simu ya mtu mmoja. Weka 999 na 112, weka 1199 ya Msalaba Mwekundu, weka chifu, wazee wa mtaa, kituo cha polisi, zimamoto, fundi wa mitambo. Halafu wapigie siku ya jua, mjuane. Chifu asiyeijua sauti yako hatakupa habari usiku wa manane, na ana haki.

Sasa mahali. Hapa ndipo redio ndogo inaishinda redio kubwa. Koch FM ya Korogocho, Pamoja FM ya Kibera, Ruben FM ya Mukuru kwa Ruben na Mtaani Radio ya upande wa Dagoretti zote zimepewa masafa yaleyale ya 99.9, kila moja kwa nguvu ndogo ili zisigongane. Wageni huona hilo kama unyonge. Mimi naona ni bahati: ukifungua maikrofoni, unaongea na watu wanaotumia daraja moja na kichochoro kimoja. Ilani ya mvua huandikwa kwa kaunti, kwa sababu utabiri hauwezi kushuka mpaka kwenye plot ya mtu. "Baadhi ya maeneo ya Nairobi" ni sentensi ambayo kila msikilizaji humwachia jirani yake. Taja daraja. Taja shule, kanisa, msikiti, steji ya matatu. Taja upande: wanaokaa kati ya barabara na mto wapande juu, waelekee wapi, wapite wapi.

Ujue pia maji yanakotoka. Mto Ngong unapita upande wa Kibera, unaingia Bwawa la Nairobi, kisha unateremka kupitia Industrial Area mpaka Mukuru. Kwa hiyo anayeuona mto ukijaa Kibera amepata habari ya Mukuru kabla Mukuru haijaipata. Namba ya mtayarishaji wa stesheni iliyo juu ya mto iwe kwenye daftari lako, na yako iwe kwenye lake. Huo ndio mnyororo wetu, na hauhitaji mtambo wowote wa kununua.

Ilani huja na vipimo ambavyo havimsaidii mtu aliyeshika ndoo. Ukisoma "zaidi ya milimita 20 kwa saa 24", watu watasikia kitu kidogo kama kucha. Kafanye hesabu: milimita 20 ni lita 20 za maji kwa kila mita mraba. Mwambie msikilizaji ni mtungi mzima wa lita ishirini umemwagwa juu ya kila hatua ya paa lake, la jirani, na la mtaa wote hadi Dagoretti, na maji yote hayo yanatafuta mto uleule. Ataelewa. Na saa zisome kwa Kiswahili: ilani ikiandika 21:00, hewani ni saa tatu usiku. Nimesikia ikisomwa "saa tisa", na hilo linamwongezea mtu saa sita za usingizi ambazo hana.

La pili ninalolikalia ni sentensi ya kwanza. Habari huanza na kilichotokea. Tahadhari huanza na cha kufanya. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji, kulikuwa na mshindo mdogo kabla ya ule mkubwa. Watu wa maofisi ya karibu waliusikia, wakaenda madirishani kutazama, na mlipuko wenyewe ukawakuta hapo. Wengi walioumia siku ile waliumizwa na vioo, na wengine wakapoteza macho. Hakuna redio ambayo ingewahi sekunde zile. Lakini kumbuka funzo lake kila unapotaka kufungua kwa "tumepokea taarifa za mshindo mkubwa kusikika...". Aliyesikia mshindo anaelekea dirishani huku wewe ukiendelea na utangulizi. Fungua kwa: "Ondoka dirishani. Usiende kutazama." Maelezo yatafuata.

Mafuta ni hatari kuliko yote, kwa sababu tahadhari yenyewe inaweza kugeuka mwaliko. Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka, watu wakaja kuchota, moto ukaua zaidi ya mia. Tarehe 12 Septemba 2011 ikawa zamu ya Sinai, hapahapa Mukuru: petroli ilivuja ikaingia mtaroni, watu wakakimbilia na ndoo, moto ukalipuka, wakafa takriban mia moja. Sasa fikiria mtangazaji anayesema hewani, kwa nia njema, kwamba kuna petroli inamwagika mahali fulani. Ametoa ramani. Kwa hiyo kwanza piga simu polisi na zimamoto. Ukiingia hewani, neno la kwanza liwe moto: mahali fulani pamejaa mvuke unaowaka, usiwashe jiko, usiwashe sigara, pikipiki isiwashwe, toka na watoto kuelekea upande huu. Usitaje kiasi kinachomwagika, wala usiseme kama kuna watu wamefika. Wenye njaa hawaogopi harufu, na wewe unajua bei ya mafuta kama wao.

Shambulio la silaha lina sheria zake. Kwenye jumba la maduka la Westgate mwaka 2013 na hoteli ya DusitD2 Januari 2019, watu walijificha kwa saa nyingi, tumaini lao likiwa simu iliyozimwa sauti. Usimpigie aliyejificha. Waombe jamaa zake wasimpigie. Usiseme wamejificha ghorofa gani, wala polisi wameingilia mlango upi, hata kama mwenzako wa stesheni nyingine keshasema. Redio inasikika pande zote mbili za ukuta.

Kuthibitisha si lazima kuchukue muda mrefu. Mpigaji simu asiingie hewani moja kwa moja. Muulize nje ya hewa: uko wapi, unaona nini kwa macho yako, saa ngapi. Tafuta wa pili, ambaye hakai naye wala hayuko naye kwenye kundi moja la WhatsApp. Wamarekani wanataka vyanzo viwili kwa mtambo. Sisi tunavitaka kwa binadamu. Kama ni mmoja tu na maji yanapanda, sema ni mmoja, kisha uendelee kutafuta. Video za mafuriko zina mazoea ya kurudi kila msimu wa mvua zikiwa na tarehe mpya, hizo achana nazo.

Na chanzo cha janga usikiseme. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalizoa nyumba na watu karibu na Mai Mahiu, zaidi ya arobaini wakafariki. Asubuhi vyombo vingi vilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kuwa maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba, kisha yakapasua. Kwa mtu wa bondeni tofauti hiyo ni kubwa: aliyeambiwa bwawa hutazama upande wa bwawa. Sema maji yanateremka kutoka wapi kuelekea wapi. Mengine waachie wahandisi.

Stima itapotea. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukawa gizani. Jenereta yenye tangi tupu ni chuma tu, kwa hiyo iwashe kila wiki, iache ibebe mzigo wa mitambo kwa muda. Kama mtambo wenu wa kurushia uko mbali na studio, uliza kule nako kuna umeme gani wa akiba, maana taa za studio kuwaka si ushahidi kwamba unasikika. Weka redio ndogo ya betri mezani, ujisikilize.

Kwenye vibwagizo vya stesheni na matangazo ya biashara, mlio wa king'ora ukatae. Marekani stesheni hutozwa faini kwa kuchezea mlio wa tahadhari. Hapa kwanza ni aibu yako, na msikilizaji akiuzoea kwenye tangazo la sofa, hautamwamsha siku ya maji.

Kurudia: kila dakika kumi, kwa maneno yaleyale, na kila mara utaje saa uliyoipata taarifa na saa iliyopo. Usiipambe. Anayesikia mara ya pili anataka kujua kama kuna jipya. Akisikia maneno yamebadilika atadhani lipo.

Kufunga ndiko kunakosahaulika zaidi. Hawaii, Januari 13, 2018, watu walitumiwa kwa makosa tahadhari ya kombora, na ilichukua dakika 38 kabla ya ujumbe wa kuisahihisha kuwafikia. Dakika hizo wazazi walikuwa wakiwaficha watoto. Kwetu tatizo huja kwa sura nyingine: karatasi ya jana inayosomwa leo. Kufunguliwa kwa shule mwaka 2024 kulisogezwa kutoka Aprili 29 hadi Mei 6, kisha kukaahirishwa bila tarehe, kisha ikatangazwa Mei 13. Aliyesoma karatasi isiyo na tarehe katikati ya wiki zile alimpeleka mtoto wa mtu barabarani kwenye maji. Kila karatasi ya tahadhari iwe na saa ya kuandikwa, jina la aliyetoa taarifa, na saa ya mwisho. Ikifika, ama unaiongeza muda baada ya kupiga simu, ama unatangaza wazi kwamba imeisha, kisha unaichana.

Zamu ikibadilika katikati ya dharura, usiondoke kwa kupunga mkono. Kaa na mwenzako anayekupokea, aitangaze tahadhari mara moja ukiwa hapo. Mwonyeshe uliowapigia, wasioshika simu, na ulichokataa kukitangaza pamoja na sababu yake, maana watu watapiga tena simu kuhusu hichohicho ukishaondoka.