Masanduku ya baba: picha ipi ibaki, ipi itupwe

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yetu alikuwa na studio ya picha hapa Kigoma mjini mpaka miaka ya tisini, macho yalipomchosha. Alifariki mwaka jana, na sasa nyumba ya Ujiji tunataka kuipangisha. Chumbani mwake kuna masanduku matatu ya bati yamejaa picha nyeusi na nyeupe alizosafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, pamoja na bahasha za negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake. Nyingine zimegeuka njano, nyingine zimegandana kama tende. Kaka anasema tuchague chache nzuri, zinazobaki tuchome moto. Hizo nzuri nitazijuaje? (Binti wa mpiga picha, Ujiji)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mwambie kaka yako aweke kiberiti mfukoni kwanza. Kwenye kupunguza yuko sahihi, kwa maana hakuna mpiga picha ambaye kila karatasi yake inafaa kutunzwa. Amekosea kwenye kipimo tu. Uzuri unaujia mwishoni kabisa. Unaanza kwa kuuliza: karatasi hii ikipotea, yupo wa kuitengeneza tena?

Kwa hiyo usianze na picha, anza na negativu. Ziinue moja moja kwenye mwanga wa dirisha, ukizishika kingoni. Zinazonuka siki zitenge mbali, plastiki yake imeanza kuoza na uozo huo huharakisha kuoza kwa jirani zake. Hizo ndizo za kupigwa skani mwanzo. Kisha oanisha negativu na picha zake. Picha yenye negativu nzima unaweza kuihukumu bila huruma. Isiyo na negativu ni yatima, haitupwi hata iwe na madoa usoni.

Sasa rundo lenye negativu. Utakuta sura moja imesafishwa mara nne au tano, na pengine utadhani baba alikuwa akipoteza karatasi. Hapana. Wateja wetu wengi walikuja na kanzu nyeupe au shati jeupe la sikukuu, na ngozi nyeusi. Kwenye karatasi mwanga ndio unaotia weusi, na penye nguo nyeupe negativu huuzuia. Ukiipa karatasi mwanga wa kutosha uso ukae sawa, kanzu bado haijapata chochote, inatoka nyeupe tupu, huoni hata kifungo. Ukingoja kanzu ipate mikunjo yake, uso umezama gizani. Mpiga picha anayejua kazi husimama kwenye enlaja, mashine ya kukuzia picha, akikinga uso kwa kiganja au kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya, huku kanzu ikiendelea kupata mwanga. Mkono hautulii, unachezacheza, ili alama yake isionekane. Hizo kopi tano ni majaribio ya mkono huo.

Zitandaze zote mezani mchana, karibu na dirisha, usiamini taa ya umeme. Tafuta ile ambayo nywele ni nyeusi kweli lakini bado ni nywele, na kanzu ni nyeupe lakini mshono wa shingoni unauona. Hiyo ibaki, hata kama negativu ipo. Fundi wa leo atakurudishia sura ya mteja. Mkono wa baba yako hataweza kuurudisha. Nyingine nne, pamoja na vile vipande vyembamba vyenye mistari ya giza na mwanga (alikuwa anapima sekunde za mwanga), vitupe tu. Ila karatasi yenye picha ndogondogo za mkanda mzima usiitupe, hiyo ndiyo faharasa ya masanduku yako.

Kabla ya kutupa chochote, geuza nyuma. Jina, tarehe, muhuri wa studio, deni la mteja: picha mbaya yenye maandishi inaishinda nzuri isiyo na neno. Mimi nilijifunza hili Tabora nikiwa kijana wa studio. Nilitupa kopi iliyoungua mwanga nikabakisha nzuri, na majina ya watu kumi na moja wa ile familia yalikuwa nyuma ya niliyoitupa.

Njano inategemea. Dawa ya mwisho, ile inayofanya picha idumu, tuliita haipo (kwa Kiingereza ni "hypo"), jina lililotufaa kwa utani, kwa kuwa ukiisahau basi picha nayo haipo. Lakini ukiitumia usipoiosha vizuri, masalia yake yanaila fedha (madini, si pesa) iliyomo kwenye picha polepole, na karatasi inageuka njano au kahawia. Karatasi ya kawaida ilitaka kuoshwa hata saa nzima. Ile yenye plastiki, iliyoenea kuanzia miaka ya 1970, dakika chache zilitosha. Bomba likikauka na maji ni ya ndoo, unafikiri nani aliosha saa nzima? Utazitofautisha kwa tone la maji nyuma kwenye kona: karatasi ya kawaida hulinywa, ya plastiki hulikataa. Picha iliyogeuka njano hairudi, ila yatima wa njano mpige skani na umtenge na wenzake. Mng'ao kama wa kioo kwenye sehemu nyeusi usikutishe. Ni fedha imepanda juu, na picha bado inafaa.

Zilizogandana usizivute. Kama hazina ukungu, chukua rundo moja usilolijali, lilaze kwenye beseni la maji safi ya baridi nusu saa, uone kama zinaachana zenyewe. Zikiachana, zianike uso juu kwenye kitambaa safi, kivulini. Zenye ukungu zisiguse maji kabisa, kwani utando wa picha umeshalegea na utayeyuka mikononi mwako. Hizo ziache zikauke, kisha nje, ukiwa umefunga pua na mdomo, zipanguse kwa brashi laini.

Zimebaki picha za paspoti, na najua kaka atazicheka. Kigoma ilipokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, tena 1993, na wa Kongo mwaka 1996. Kipicha kidogo ambacho mteja hakurudi kukichukua huenda ndicho pekee alichowahi kupigwa. Hazijazi hata boksi moja la viatu. Zitunze, lakini usizirushe mtandaoni. Ni nyuso za watu, si zenu.

Za kubaki zikunjie karatasi nyeupe ya kuandikia, si bahasha za kaki wala nailoni, na majina yaandike kwa penseli. Sanduku liondoke sakafuni, lisiegemee ukuta wa nje, lisipande darini kwenye joto la bati.

Za kutupa zichanechane ziende jalalani. Zile za plastiki zikichomwa zinatoa moshi mbaya. Na ukikuta chupa za dawa nyuma ya mlango, mwambie kaka asizimwage mtaroni. Haipo iliyotumika ina fedha ndani yake, na mtaro wa Ujiji unaishia ziwani kwenye dagaa wetu. Zifunge vizuri, muulize bwana afya wa manispaa pa kuzipeleka.