Kubadilisha ekzosi ya gari kuukuu la spoti Unguja bila kuvunja kibubu

Ekzosi ya Celica au Mazda Roadster ya miaka ya 1990 huoza kuanzia nyuma, kwenye sailensa, tena kutokea ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Gari likienda safari ndefu, maji hayo hutoka kama mvuke. Likitoka Amani hadi Darajani na kurudi, bomba halishiki moto wa kutosha. Maji hutuama kwenye tumbo la sailensa pamoja na asidi ya moshi, bati likaliwa taratibu. Nje nako kuna chumvi, hasa kwa gari linalolala Paje au Jambiani wakati wa kusi, upepo unapotoka baharini moja kwa moja.

Kwa hiyo usiulize bei ya seti nzima kabla hujaingia chini ya gari. Liinue kwa jeki, liweke juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi, usithubutu), kisha gonga bomba lote kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hutoa mlio mkali; lililooza hulia kama debe bovu, na ncha ya bisibisi inazama. Kagua zaidi mishono ya sailensa, mikunjo, na pale hanga (kishikio cha kuning'inizia bomba) lilipochomelewa. Mara nyingi bomba la mbele na masega (katalisti, kisafisha moshi) utayakuta hai, maana huko joto ni kali na maji hayakai. Basi nunua nusu ya nyuma tu. Anayekushurutisha uchukue seti nzima anakuuzia kitu ambacho tayari unacho.

Masega yaache mahali pake. Utaambiwa yatolewe ili gari lipumue, lakini kwa injini isiyo na tabo (turbo) faida ni ndogo sana, na unachopata kwa hakika ni harufu, moshi wenye sumu zaidi na, kwenye gari lenye sensa ya pili ya oksijeni nyuma ya masega, taa ya injini isiyozimika. Ikiwa kweli yameziba, yaani gari linakosa nguvu kadiri unavyokanyaga na bomba linapata joto kupita kiasi, tafuta kwanza kilichoyaua. Kwa kawaida ni plagi au koili inayokosa cheche: petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Ukiweka mapya bila kutengeneza hilo, nayo yatakufa. Na yale ya zamani usimwachie fundi kama chuma chakavu cha kilo. Ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na pesa utakazoyauzia zinaweza kukupunguzia gharama ya sailensa.

Sailensa ya mtumba kutoka Japani ndiyo ninayoipendekeza, ama hapa mjini ama Kariakoo, Dar es Salaam, ije kwa boti. Itikise: kitu kikigongana ndani, iache. Weka sumaku. Isiposhika, kwa kawaida hiyo ni stenlesi ya daraja la 304, na kwa hewa yetu ya chumvi inastahili kuongezewa fedha kidogo. Ikishika, inaweza kuwa stenlesi ya 409 au chuma cha kawaida, basi angalia kutu kwenye mishono. Ukiona kitundu kidogo upande wa chini, kimewekwa makusudi kutoa maji; fundi asikizibe.

Kwa injini ya cc 1600 hadi 2000 isiyo na tabo, bomba la inchi 2 hadi 2¼ linatosha, unene wa bati milimita 1.5. Bomba la inchi 3 litakupa mngurumo wa kuumiza kichwa na kulifanya gari zito mizunguko ya chini. Ila kosa ninalolichukia zaidi ni bomba la maji la mabati. Ni rahisi na linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini ni zito, linachosha mahanga, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na baridi usiku ule ule. Likataeni nyote wawili, wewe na fundi.

Kufungua ndiko kazi inakoharibikia. Paka nati mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Kabla ya kulegeza, kaza kidogo ili kutu ikatike, kisha nenda nyuma na mbele robo robo. Bolti za nyuma zikikataa, zikate kwa grenda. Bolti mpya ni za bei ndogo. Zile zinazoingia kwenye manifoldi (mkusanyiko wa mabomba unaotoka kwenye injini) usizilazimishe, kwa sababu ikikatikia ndani utalipa zaidi ya bei ya sailensa. Hizo zinataka moto wa gesi kwenye nati, na kabla ya moto hakikisha mpira wa mafuta na tangi viko mbali. Sensa ya oksijeni hufunguka kwa spana ya 22. Ifungue wakati bomba lina uvuguvugu, na waya wake usiuvute.

Gasketi nunua mpya zote, pamoja na ile ya duara inayokaa kwenye kiungo chenye springi. Mipira ya kuning'iniza nayo iwe mipya. Hapa usibane fedha.

Sasa ning'iniza kila kitu kikiwa kimelegea, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mita moja ya bomba la chuma ikipanda joto nyuzi 400 hurefuka karibu milimita 5, na stenlesi ya 304 karibu 7, kwa hiyo bomba lisiguse kitu: acha angalau milimita 25 kutoka bodi, mabomba ya breki na ya mafuta. Fleksi (kipande cha bomba kinachonyumbuka) au kiungo cha springi kibaki. Fundi akichomelea pale moja kwa moja, injini ikitikisika itapasua manifoldi. Bolti za flanji zilaze ubavu au zielekee juu, maana gari la chini hukwangua matuta.

Fundi abandike vidoti tu juu ya gari, waya hasi wa betri ukiwa umetolewa, kisha vipande vishushwe vichomelewe chini. Mashine ya kuchomelea ya waya (MIG) ni bora. Kama ipo ya rodi tu, atumie rodi ya milimita 2 kwa ampea 40 hadi 60, ya 2.5 kwa moto mkubwa itatoboa bati. Stenlesi ikiungana na chuma cha kawaida, rodi iwe 309L. Mdomo wa bomba utokeze nje ya bampa, la sivyo kaboni monoksaidi hurudi ndani ya gari, nayo haina harufu.

Kupima uvujaji, washa injini ikiwa baridi, mtu azibe mdomo wa bomba kwa tambara nene sekunde chache, wewe sikiliza viungo. Panapopuliza, paka maji ya sabuni uone mapovu. Uvujaji ulio kati ya injini na sensa ya oksijeni uushughulikie siku hiyo hiyo: hewa ikiingia pale, sensa hudhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza, na gari linakunywa petroli bila sababu.

Baada ya safari ya kwanza acha lipoe, kaza bolti zote tena, na paka grisi ya shaba kwenye nyuzi zake. Likienda pwani, lioshe chini kwa maji matamu; maji ya visima vingi vya ukanda wa mashariki yenyewe yana chumvi.