Laptop ya waranti kwenda Ujerumani: karatasi za kurudi zinaandaliwa kabla haijaondoka

Mkuu uliyeuliza kutoka Bunda, nimesoma swali lako mara mbili nisije nikakujibu nje ya mada. Laptop ndugu yako alikununulia Ujerumani, kioo kimeanza kuweka mistari, waranti bado haijaisha, na kiwanda kimesema uitume kwenye karakana yao hukohuko. Kampuni ya usafirishaji hapa Mwanza imekujibu "jaza fomu tu, itaenda". Wewe unataka kujua kama ikirudi utadaiwa ushuru kwenye mali yako mwenyewe.

Kwenda itaenda. Kazi iko kwenye kurudi. Mimi nilidaiwa, na nilipodaiwa sikuwa na cha kujitetea.

Ninapiga picha za harusi, ofisi yangu iko jirani na Makoroboi. Mwaka juzi shata ya kamera yangu kubwa iligoma bibi harusi akiwa ndiyo anaingia ukumbini. Kamera yenyewe shemeji yangu aliinunua Uingereza akaja nayo kwenye begi wakati wa Krismasi, kwa hiyo waranti ni ya kule. Niliwaandikia, wakajibu siku hiyohiyo: tuma.

Nikabeba boksi hadi kaunta. Binti aliyenihudumia alikuwa mpole sana, akauliza ndani kuna nini, nikasema kamera, akaandika "vifaa vya elektroniki". Akauliza thamani. Hapo shemeji alikuwa ameshanipigia simu kunipa ujanja: andika dola 50, usije ukatozwa huko mbele. Nikaandika 50. Ndani ya boksi niliacha betri mbili, moja kwenye kamera na nyingine pembeni nimeizungushia soksi. Soksi, aisee.

Siku ya tatu boksi likarudi kutoka Dar. Mashine ya ukaguzi imeona betri za lithiamu na kwenye fomu hazimo.

Kwenye betri nisimame kidogo, maana wewe laptop yako betri iko ndani na huitoi kirahisi. Betri za lithiamu zinahesabiwa kwa wati-saa, yaani volti mara ampea-saa. Ya kamera yangu ilikuwa volti 7.2 na ampea-saa 2.28, ukizidisha unapata kama 16.4. Mstari wa kuangalia ni wati-saa 100. Laptop nyingi ziko chini ya hapo, na namba yenyewe huandikwa kwenye betri kwa herufi Wh, mara nyingine hata chini ya mashine. Betri ikiwa ndani ya kifaa au imefungwa pamoja na kifaa chake, inasafiri kwa namba UN3481. Betri peke yake ni UN3480, na hiyo tangu Aprili 2016 hairuhusiwi kupanda kama mzigo kwenye ndege ya abiria. Kwa hiyo usije ukasema utaichomoa uitume kwenye bahasha yake, utakuwa umejipandishia mlima. Na kama betri yako imevimba, hata kidogo tu, ishia hapohapo. Betri iliyoharibika haipandi ndege, na kuificha ni kucheza na roho za watu.

Basi, betri zangu nikazibakiza nyumbani, boksi likaondoka mara ya pili likiwa na dola zangu 50 zilezile. Likafika Uingereza likakaa siku tisa. Karakana wakaniandikia: forodha ya kwao inauliza inakuwaje kamera inayouzwa madukani zaidi ya pauni 1,000 iandikwe dola 50, na hivyo "vifaa vya elektroniki" ni vifaa gani hasa? Pia wanataka kujua nani anayeingiza mzigo, kama ana namba ya EORI, yaani namba ya forodha ya mwingizaji mizigo, na VAT ya 20% analipa nani. Karakana wakasema wazi hawalipi senti tano kwa kamera ya mtu mwingine.

Minofu ya sangara ya hapa Mwanza inasafirishwa leo, baada ya muda mfupi iko sokoni Ulaya, bado ina ubaridi wake. Kamera isiyooza ikakwama siku tisa. Nikawa nakodi kamera ya jamaa kwa siku 60,000, na wikiendi ile nilikuwa na harusi ya Nansio na nyingine Igoma.

Nikaandika barua ya kueleza, nikataja thamani ya kweli, nikaambatanisha risiti ya shemeji. Wakaiachia. Shata ikabadilishwa bure. Nikajua yameisha.

Yalikuwa hata hayajaanza. Karakana walipoirudisha, kwenye ankara yao waliandika thamani ya kamera nzima, pauni 1,150, wala hawakutaja kwamba ni matengenezo ya waranti. Mzigo ukashuka Dar, nikapata ujumbe wa kodi. Nikapiga simu, nikabembeleza, nikakasirika, mwisho nikapanda basi alfajiri pale Nyegezi, kilomita zaidi ya 1,100, nikalala Dar kwa binamu, asubuhi nikasimama dirishani.

Afisa aliyenisikiliza hakuwa na shida kabisa. Aliniomba hati ya kamera ilipotoka nchini. Nikampa nilichokuwa nacho, risiti ya usafirishaji. Akailaza mezani, pembeni yake akalaza ankara ya Uingereza, akaweka kidole kwenye moja kisha kwenye nyingine. "Kilichotoka ni vifaa vya elektroniki vya dola 50. Kilichorudi ni kamera ya pauni 1,150. Sasa kaka, wewe mwenyewe nionyeshe ni wapi pameandikwa kuwa ni kitu kimoja."

Nikaangalia zile karatasi mbili. Hapakuwa na jina la kamera upande wa kwanza, hapakuwa na seriali, yaani ile namba iliyochongwa chini ya kifaa. Nikamwambia basi tuifungue tuitazame. Akaigeuza, seriali tukaisoma wote wawili vizuri kabisa. Lakini isomwe ilinganishwe na nini? Akaniuliza kama nina hati ya ushuru ya siku ilipoingia nchini mara ya kwanza. Nayo sina, iliingia na begi la shemeji, kati ya majaketi na chokoleti.

Nililipa. Nikalipia na siku za stoo, ambazo zilikuwa zinahesabiwa wakati mimi nabishana kwa simu.

Miezi sita baadaye lenzi ikaanza kukosa shabaha, nayo ina waranti ya hukohuko. Safari hii jirani mmoja akanipeleka kwa mzee wakala wa forodha ambaye miaka mingi alikuwa anashughulikia karatasi za minofu. Alikuwepo mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofungia samaki wa Ziwa Victoria, na tangu hapo, anasema, akijaza fomu anaanza na swali atakalouliza mtu wa upande wa pili. Hakuniuliza thamani. Aliniuliza lenzi itarudi au haitarudi.

Maana hapo ndipo njia zinapoachana. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina utaratibu wa bidhaa inayotoka nje kwa muda, ikatengenezwe na kurudi. Ukiitoa kwa utaratibu huo, ikirudi inaangaliwa kama mali iliyotoka hapa. Ukiitoa kama kifurushi cha kawaida, ikirudi ni bidhaa mpya inayoingia, hata kama ina alama za meno ya mwanao.

Mzee akaomba barua pepe ya karakana yenye namba ya kesi, risiti ya kununulia, na picha za lenzi pande zote, ya seriali nikaipiga mara tatu mpaka ikasomeka. Akaandaa hati ya forodha ya kutoka, hiyo wenyewe wanaiita Tansad, akahakikisha lenzi imekaguliwa na seriali imeandikwa ndani ya hati kabla mzigo haujafungwa. Kwenye ankara tuliandika kwa Kiingereza, kirefu: lenzi ya kamera iliyotumika, modeli fulani, seriali fulani, inakwenda kutengenezwa chini ya waranti, itarudi kwa mwenyewe, haiuzwi. Thamani tukaweka ya kweli. Karakana nao tukawaandikia mapema kwamba wakirudisha wataje namba ya hati yetu, waandike gharama ya matengenezo ni sifuri, na thamani ya lenzi waiweke mstari wake peke yake.

Ikaenda, ikarudi, sikudaiwa ushuru. Nilimlipa mzee na nikalipa usafiri, basi.

Kwa upande wako kuna unafuu kidogo. Laptop kwenye jedwali la ushuru la Afrika Mashariki iko chini ya kifungu 8471.30 na ushuru wake wa forodha ni 0%. Lakini usishangilie, VAT ni hesabu nyingine, na kiwango chake cha kawaida hapa kwetu ni 18%. Ujerumani nao VAT yao ni 19%, kwa hiyo kabla hujafunga boksi waulize karakana kama wana utaratibu wao wa kupokea vifaa vya matengenezo kutoka nje ya Ulaya. Wengine wana maelekezo kabisa ya namna ya kuandika ankara, wanangoja tu uwaulize. Mimi sikuuliza.

Kuna jambo jingine lilimkuta jirani yangu wa studio, nalo kwa laptop linatokea sana. Karakana wakiona kutengeneza ni usumbufu wanakupa mashine nyingine mpya. Wewe unafurahi, kumbe seriali imebadilika, na hati yako ya kutoka inataja mashine ambayo haipo tena. Wakikupa nyingine, waandike kwenye ankara seriali ya zamani, seriali mpya, na kwamba ni mbadala wa waranti. Kisha mwambie wakala wako kabla haijapanda ndege, siyo ikiwa imeshatua Dar.

Na kama wapo wanaokushauri uandike "zawadi" kwenye fomu, achana nao. Karakana ya kompyuta inapokea zawadi kutoka Bunda kwa sababu gani? Thamani ndogo nayo ina ubaya mwingine: mzigo ukipotea, unafidiwa kwa kile ulichoandika. Kamera yangu ingepotea ile mara ya kwanza ningefidiwa kwa dola 50, na ningekuwa nimejitakia.

Sasa nikuulize na mimi. Hiyo laptop ina thamani gani leo? Ada ya wakala pamoja na usafiri wa kwenda si pesa ya soda. Kama ni mashine ya milioni tatu na kitu, fanya haya yote bila kuruka hata moja. Kama ni ya laki saba au nane, mimi ningekwenda kwa fundi anibadilishie kioo hapa mjini, waranti nikaisahau. Kwa kamera nisingesema hivyo, shata ya aina ile sijaona fundi wa kuifungua hapa Mwanza.

Geuza hiyo mashine utuambie chini pameandikwa Wh ngapi, na umuulize ndugu yako kama risiti ya dukani bado anayo. Kama anayo na ina seriali, njoo inbox nikuelekeze kwa mzee, yuko Kirumba, ila simu hapokei mpaka saa nne.