Pigano la Simu ya Jumanne

Simu iliingia Jumanne jioni nikiwa soko la Gikomba, Nairobi, nafunga mzigo wangu wa mtumba. Promota. Kuna bondia ameumia mkono, ukumbi umeshalipiwa, pigano ni Jumamosi, je, niko tayari? Uzani kilo 57. Siku hiyo mimi nilikuwa kilo 61 na kitu, tena nadaiwa kodi ya miezi miwili. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Siku tatu nikaishi kwa maji ya kumezea dawa. Nilikimbia Jogoo Road nimejizungushia nailoni chini ya jaketi, makanga wakinipigia mbinja, na Ijumaa mizani ikanikubali. Jumamosi, kufika raundi ya tatu, miguu haikuwa yangu. Nilishindwa kwa pointi, na kusema kweli majaji walinihurumia. Pesa nikapewa nusu. Nusu nyingine ni ya wiki ijayo, na huu ni mwaka wa kumi na moja.

Mabinti ninaowanoa sasa katika ukumbi mmoja wa Eastlands, ukiwatajia ngumi za kulipwa, wanamwona Mkenya mwenzetu Fatuma Zarika na ule mkanda wa kijani wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia. Sawa, wamwone. Tarehe 1 Oktoba 2016, huko Flint, Michigan, alimshinda Alicia Ashley; majaji wawili walimpa yeye, mmoja akampa mwenzake, na Zarika akarudi nyumbani bingwa wa dunia wa uzani wa super bantam. Ashley alikuwa na miaka 49. Anayedhani huo ulikuwa mteremko hajawahi kupigana na mtu mzima anayejua kukunyima nafasi. Lakini huwaambia wasome rekodi yote ya Zarika, si ule usiku mmoja: kabla ya Flint alikuwa ameshapoteza mapigano zaidi ya kumi.

Ndiyo maana binti akishindwa pigano lake la pili na kutaka kutundika glovu, mimi simbembelezi sana. Kushindwa si kitu. Kinachowamaliza mabondia wetu, kwa jinsi nilivyoona, ni kugeuzwa mtu wa kujaza nafasi. Unaitwa kwa sababu uko karibu na una njaa. Unapigwa. Ukishapigwa bei yako inashuka, na bei ikishuka huna ubavu wa kukataa simu inayofuata.

Wengine huniambia ngumi za wanawake ni nafuu kwa sababu pigano la ubingwa ni raundi 10 za dakika 2, wakati wanaume wana 12 za dakika 3. Hao hawajapanda ulingoni. Dakika 2 hazikupi muda wa kumsoma mtu. Ukichelewa kuanza, kengele imelia na majaji wameshaandika. Lazima uanze moto mara kumi, na mwili wenye kiu hauwezi. Halafu kuna kichwa. Mtu aliyekaushwa maji akigongwa kichwani yuko hatarini zaidi, hata kama jana yake mizani ilimpitisha. Super bantam mwisho ni kilo 55.3, kwa hiyo wangu wanaopigana hapo nawataka wasipite 58 hata msimu hauna pigano. Wananichukia Desemba, chapati zikianza kuzunguka.

Kwa hiyo simu ikija, uliza uzani, raundi, nani anamlipa daktari, pesa zinatoka siku gani na nani anaweka sahihi. Uliza ukiwa umeketi, tena baada ya kula. Mwenye pigano la kweli atakujibu.

Na usiache kazi. Hili nalisema kwa sababu ya Conjestina Achieng wa Siaya, yule waliyemwita Mikono ya Jiwe, aliyeshinda taji la kimataifa mwaka 2004 na kutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Mimi nilivaa glovu kwa sababu yake. Mama aliponiona aliuliza nani atalipa mahari ya pua iliyovunjika. Baadaye Conjestina aliugua maradhi ya akili, na picha za ugonjwa wake zikasambaa kuliko za ushindi wake. Jambo hilo linanichoma hadi leo. Michango ilikuja, ikapoa, ikaja tena. Basi nawaambia mabinti pesa ya kwanza ya ulingoni ilipe bima ya afya na chama cha akiba. Viatu vya ngumi vitasubiri, Gikomba vipo.

Juzi mmoja wao alipigiwa simu, ilikuwa Jumatano, pigano Jumapili. Aliuliza maswali yote, mimi nikiwa nimesimama pembeni kama mama wa bibi harusi. Promota akasema atapiga tena. Hajapiga. Binti akaniuliza kama nimemkosesha riziki, maana landilodi anakuja tarehe 5. Sikuwa na jibu zuri. Nilimpa mashati arobaini akauze, na saa kumi na moja alfajiri tulikuwa Jogoo Road, yeye mbele.