Kamera ya babu, picha ndefu na jua la Dar

SWALI: Shikamoo fundi. Mi msomaji wenu wa Tabata. Babu katuachia kamera ya zamani, kaboksi karefu hivi kameandikwa No. 1 Panoram Kodak, ukibonyeza lenzi inazunguka yenyewe toka upande huu mpaka ule. Nataka nipige picha ndefu ya mjini nikiwa ng'ambo ya Kigamboni halafu niichape kizamani, bila kompyuta. Sasa studio niliyoenda wamesema mkanda wake haupo tena na hata nikiupata hawana mashine ya kukuza picha ndefu hivyo. Niiache tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiiache! Hizo kamera watu wanaweka pambo sebuleni wakati nyingi bado zinapiga. Hiyo ya kwako ilianza kuuzwa 1900, na ndani mkanda unakaa umejipinda nusu duara ili lenzi ikizunguka iwe umbali ule ule toka mwanzo mpaka mwisho, ndo maana pembeni hapafifii.

Mkanda wa zamani ulikuwa namba 105, huo kweli haupo siku nyingi, ila 120 bado unatengenezwa na upana ni ule ule, tofauti iko kwenye kijiti unachoviringishiwa mkanda, so fundi wa kamera akutengenezee kikae sawa, na kile cha zamani usikitupe. Roli moja itakupa picha kama nne, kila moja sm 18 hivi kwa 6. Halafu kale kadirisha kekundu ka nyuma kazibe na tepu nyeusi ya umeme, ufungue kidogo tu unapovuta mkanda, maana mikanda ya enzi hizo haikuona rangi nyekundu ila ya sasa inaiona na itaungua.

Kigamboni nenda asubuhi, jua likiwa nyuma yako linaupiga mji usoni, utapata makanisa ya Azania Front na St. Joseph na maghorofa yote kwa mpigo mmoja. Kamera iwe leveli kabisa kwenye stendi, ukiinamisha kidogo tu upeo wa bahari unapinda. Na ujue pantoni ikipita ikielekea upande lenzi inakoelekea itatoka imevutika, ikija kinyume itatoka fupi, mi binafsi naipenda hiyo kuliko pantoni iliyosimama. Pale ni eneo la bandari na kivuko, omba ruhusa kwanza.

Sasa hilo la kukuza ndo nataka unisikilize vizuri, HUHITAJI kukuza. Negativu, yaani mkanda ukishasafishwa, ya sm 18 ni picha tayari! Unailaza juu ya karatasi, unabana na kioo, unaanika juani, inatoka saizi ile ile na kila kamba ya mtumbwi inaonekana, ukali ambao mashine ya kukuza inaupunguza. Anza na saiyanotaipu, ile njia ya kuchapa picha za bluu aliyoigundua John Herschel 1842 Uingereza. Dawa ni mbili tu, feriki amonia sitreti ya kijani gramu 25 kwenye mililita 100 za maji, na potasiamu ferisianidi gramu 10 kwenye mililita 100 nyingine. Changanya nusu kwa nusu, paka kwa brashi kwenye karatasi nzito ya rangi za maji, chumba kiwe na balbu hafifu ya njano, kausha gizani. Vaa glovu, vyombo visirudi jikoni, na hiyo dawa ya pili, ferisianidi, usiiweke karibu na asidi kali wala moto.

Jua letu la mchana linafanya kazi haraka, jaribu vipande vidogo kwanza, kimoja dakika 5, kingine 10, kingine 15. Sehemu zenye giza kwenye picha zikigeuka kama kijivu cha shaba toa, osha kwa maji mpaka ule unjano uishe wote. Usiguse sabuni wala magadi, bluu itakimbia. Kama hupendi bluu loweka kwenye chai ya rangi nzito, inaenda kwenye weusi. Masika unyevu unaharibu karatasi iliyopakwa, paka usiku utumie kesho yake, usiweke akiba.

Negativu iwe nzito kidogo, yaani weusi wake ukolee, saiyanotaipu haipendi negativu nyepesi, kwa hiyo mwambie anayekusafishia mkanda aongeze muda kwenye dawa, na wewe usiogope kupiga kwenye mwanga mkali na mkanda wa ASA 100 (ASA ni kipimo cha mkanda unavyoupokea mwanga haraka).